MIKONO YAKE NDIYO ULIMI WAKE



Kila mara gazeti letu litokapo, kurasa za Kiswahili hujaa habari za kandanda, mashairi na safari za likizo. Hayo ni mema, nami huyasoma kwa furaha. Lakini leo naomba nafasi niseme jambo lisilochekesha. Nataka kusema juu ya polisi na watu wasioweza kusikia.

Najua wako watakaouliza, "Mwanafunzi ni nani hata awafundishe askari kazi yao?" Swali hilo ni la haki. Mimi si mwalimu wa askari. Mimi ni mtoto wa askari. Nimezaliwa katika kambi ya polisi, nikakulia katika vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo wengi wenu mmevipita barabarani. Hata Kiswahili hiki ninachoandika sikukipata darasani kwanza. Nilikipata kwa watoto wa kambini, ambao baba zao walitoka kila pembe ya Uganda wala hawakuwa na lugha nyingine ya kuwaunganisha. Basi nikisema juu ya polisi, nasema juu ya nyumbani kwetu. Na mtu hawezi kulaumiwa kwa kutaka nyumba yao ifagiliwe.

Watu wenye mahitaji ya pekee ni wa namna nyingi, na kila mmoja ana shida yake akutanapo na askari. Kipofu haoni sare, kwa hiyo hajui kama aliyemshika mkono ni askari au mnyang'anyi. Mwenye kifafa akianguka njiani hudhaniwa amelewa. Mwenye akili nzito hukubali kila anachoulizwa ili aachwe aende zake. Siwezi kuwasemea wote katika makala moja. Nitasema juu ya viziwi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, nina kiziwi katika jamaa yetu. Ya pili, uziwi hauonekani. Kiwete hujulikana kwa gongo lake na kipofu kwa fimbo yake, lakini kiziwi hana alama. Ukimtazama kwa nyuma, ni mtu kama wewe na mimi. Hapo ndipo hatari yake ilipo.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alipata homa ya uti wa mgongo alipokuwa na miaka minne. Yeye alipona, masikio yake hayakupona. Leo ni fundi wa viatu sokoni, na watu hutoka mbali kumletea kazi kwa sababu mshono wake haufumuki. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, nilikuwa kidato cha kwanza. Kambini tulikuwa tumebanana mno, basi mama akanipeleka kwa mjomba. Soko lilikuwa limeachiwa wauza vyakula tu, kwa hiyo mjomba alifanyia kazi barazani kwake. Nilikaa huko miezi mingi nikipaka gundi na kuvuta uzi, na jioni nikajifunza ishara zake. Siku za kwanza nilidhani ni kupunga mikono tu. Baada ya mwezi mmoja niliona ya kuwa ni lugha kamili, ina maneno yake na mpango wake, tena ina mzaha wake, maana mjomba ni mtu wa mzaha sana.

Sasa nisikilizeni jambo lililompata mwaka juzi.

Jioni moja alikuwa akirudi nyumbani, akisukuma baiskeli yenye gunia la viatu vya watu nyuma yake. Siku hiyo duka moja karibu na soko lilikuwa limevunjwa, na askari wa doria walikuwa wakiwatafuta wezi. Wakamwona mtu na gunia. Wakamwita kwa nyuma, "Simama!" Hakusimama. Wakamwita kwa Kiingereza, na mara ya tatu kwa Kiganda. Mjomba aliendelea kusukuma baiskeli yake polepole kama mtu asiye na habari. Na kweli hakuwa na habari. Basi wakamkimbilia na kumwangusha chini. Alipogeuka na kuona bunduki, alifanya lile ambalo mkaza mjomba alikuwa akimwonya siku zote alifanye: alitia mkono ndani ya shati ili atoe karatasi iliyoandikwa kwamba yeye ni kiziwi.

Fikirini wenyewe. Giza laingia, mtu ameitwa mara tatu hakujibu, kisha atia mkono ndani ya shati. Askari walidhani atoa kisu. Wakampiga mkono kwa kitako cha bunduki, karatasi ikaanguka mtaroni, nao wakamtia pingu mikono nyuma.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Mtu asikiaye akitiwa pingu, bado ana kinywa chake. Aweza kutaja jina lake, aweza kumwita mkewe, aweza kusema "mnanionea". Kiziwi akitiwa pingu mikono nyuma, hana tena njia ya kusema neno lolote. Mikono yake ndiyo ulimi wake. Sisi tungesema nini juu ya askari ambaye, kabla ya kumwuliza mtu swali, humfunga kinywa kwa kitambaa, halafu akamkasirikia kwa kutojibu?

Ndivyo ilivyokuwa kituoni. Askari wa kaunta aliuliza jina: kimya. Akauliza kijiji: kimya. Akauliza gunia limetoka wapi: kimya. Akaandika kitabuni maneno mawili, "Amekataa kujibu." Mjomba akalala mahabusu. Mkaza mjomba alimtafuta hospitalini, kisha kwa jamaa, kisha akampigia simu baba, ambaye alikuwa akifanya kazi wilaya nyingine. Baba akapiga simu kituo kwa kituo akiuliza kama wana mtu asiyesema. Kituo cha tatu wakamjibu, "Tunaye mmoja hapa, mkaidi sana." Hiyo ilikuwa siku ya pili.

Alitolewa bila mashtaka. Wenye viatu walikuja wakavitambua jozi kwa jozi. Lakini kidole chake kilikuwa kimevunjika, na kwa wiki sita hakuweza kushika sindano. Kwa fundi wa viatu, wiki sita ni kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Sikitaji kituo hicho, wala sitaki kukitaja, kwa kuwa sina nia ya kulipiza kisasi. Isitoshe, wale askari hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakitafuta wezi kama walivyoagizwa. Yule aliyeandika "amekataa kujibu" aliandika alichokiona kwa macho yake. Hakuna askari hata mmoja aliyesema uongo siku ile, lakini kitabu cha kituo kiliandika uongo. Kukataa ni jambo moja na kutoweza ni jambo jingine, na kazi ya polisi ni kuyatofautisha mambo yafananayo.

Baba yangu ni mtu wa maneno machache. Usiku ule alipomrudisha mjomba nyumbani, alikula bila kusema. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote kati yetu, ya kwamba zamani, kabla sijazaliwa, alikuwa akilinda kizuizi barabarani. Akamwuliza kijana mmoja atokako, naye akamkodolea macho tu. Baba akampiga kofi kwa ajili ya utovu wa adabu. "Sasa najiuliza," akasema, "yule alikuwa nani." Mama hakujibu. Nami sijamwuliza tena habari hiyo mpaka leo. Naiandika hapa kwa idhini yake, kwa kuwa alisema, "Iandike. Labda mwenzangu mmoja ataisoma."

Wala tusidhani ya kuwa kosa hili ni la polisi peke yao. Askari hutoka katika jamii yetu wakiwa na mawazo yetu. Kwa Kiganda kiziwi asiyesema huitwa *kasiru*, na neno hilo ni jamaa ya *musiru*, maana yake mjinga. Kwa Kiswahili nasi twasema "bubu", kana kwamba mtu huyo hana la kusema. Mtoto aliyezoea kusikia kwamba kiziwi ni mjinga hawezi kuacha wazo hilo langoni siku ya kuingia chuo cha polisi. Na katika bweni letu wenyewe, mtu asiposikia aitwapo, twamwambiaje? "Wewe kiziwi!" Twalitumia kama tusi.

Je, sheria yasemaje? Nimeisoma Katiba yetu ya mwaka 1995 katika maktaba ya shule, nami nawasihi wenzangu waisome, kwa maana si kitabu kigumu kama tunavyodhani. Kifungu cha 23 chaamuru ya kwamba mtu akikamatwa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili. Haikuandikwa "kwa Kiingereza", wala "kwa Kiswahili", wala "kwa sauti kubwa". Imeandikwa lugha anayoielewa. Kifungu hicho hicho chasema jamaa wa aliyekamatwa apewe habari mapema iwezekanavyo, kama yeye mwenyewe akiomba. Lakini mjomba angeombaje, naye amefungwa mikono? Haki ya kuomba haina maana kwa mtu asiyeelewa ya kwamba aweza kuomba. Na kifungu cha 28 champa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo.

Tena Katiba hiyo, katika malengo ya taifa, yaitaka Serikali iikuze lugha ya ishara ya viziwi. Ni nchi chache duniani zilizoitaja lugha hiyo katika Katiba mapema namna hiyo. Mwaka 1996 kiziwi, Bwana Alex Ndeezi, aliingia Bungeni. Mwaka 2006 ilitolewa kamusi ya lugha ya ishara ya Uganda. Mwaka 2008 nchi yetu iliuthibitisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 13 cha Mkataba huo chataja waziwazi ya kwamba polisi na askari wa magereza wafundishwe ili watu hao wapate haki sawa na wengine. Majirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, wameifanya lugha ya ishara kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge lao. Basi hatukosi sheria. Sheria imefika Bungeni na mahakamani. Pale kwenye kaunta ya kituo cha polisi, usiku, ambapo mtu maskini hukutana na Serikali kwa mara ya kwanza, hapo safari yake bado ni ndefu.

Sasa nitoe mashauri yangu. Si mambo makubwa, na mengi yake hayana gharama.

Kwanza, kabla ya kuuliza jina, askari aulize, "Wanisikia?" Na aulize kwa mkono: aguse sikio lake na kuonyesha kidole. Mtu aitwapo asipogeuka, askari apite mbele aonekane. Usiku ajimulike mwenyewe uso na sare yake kwa tochi. Desturi ni kummulika yule mwingine machoni; lakini kiziwi akipofushwa kwa mwanga hana sikio wala jicho. Baba yangu tangu siku ile hugusa sikio lake kwanza kwa kila mtu asiyejibu. Haimchukui muda.

Pili, kiziwi akilazimu kutiwa pingu, atiwe mikono mbele, na kama hapana hatari afunguliwe wakati wa kuulizwa. Kumwuliza maswali akiwa amefungwa mikono si kumwuliza.

Tatu, kila askari afundishwe ishara chache chuoni: jina, nyumbani, maji, choo, mgonjwa, maumivu, ngoja, mkalimani anakuja. Hizo hazitoshi kuandikia maelezo ya kesi, nami sisemi zatosha. Zatosha kumwondolea mtu hofu, akajua ya kuwa hatauawa na kwamba kuna atakayekuja kumwelewa.

Nne, kila kituo kiwe na orodha ya wakalimani na namba zao za simu, imebandikwa ukutani. Chuo Kikuu cha Kyambogo hufundisha wakalimani, na chama cha taifa cha viziwi kipo tangu mwaka 1973. Hao ndio wa kuulizwa. Mkalimani akiwa mbali, simu za siku hizi zaonyesha picha ya mtu akisema, na ishara huonekana vema katika picha hiyo. Lakini polisi wasimchukue ndugu tu awe mkalimani kwa kuwa yuko karibu. Huenda ndugu huyo ndiye aliyemdhulumu. Binti kiziwi aliyeonewa ndani ya nyumba yao atasemaje mbele ya kaka yake, na kaka huyo ndiye atakayegeuza maneno?

Tano, kalamu na karatasi ni vema vitumike, ila visiaminiwe kupita kiasi. Viziwi wengi hawakupelekwa shule kabisa. Yako mashule kama yale ya Ntinda na Ngora, lakini wazazi wengi huona ni hasara kumlipia karo mtoto asiyesikia. Na jambo jingine: kiziwi akitikisa kichwa, asiandikiwe kwamba amekiri. Mara nyingi atikisa kwa adabu, au kwa hofu, au kwa sababu ameona uso wa askari wataka atikise.

Sita, namba 999 ni ya kupigia simu, na kusema katika simu ni kazi ya sikio na kinywa. Kiziwi akivamiwa usiku atampigia nani? Kila kituo kiwe na simu ya kupokea ujumbe wa maandishi, na namba hiyo ipelekwe kwa wenyeviti wa vijiji, makanisani, misikitini na sokoni. Maana tusisahau: kiziwi si mtuhumiwa tu. Mara nyingi zaidi yeye ndiye aliyeibiwa, ndiye aliyepigwa, ndiye aliyedhulumiwa shamba. Wezi wajua ya kuwa hawezi kupiga kelele, tena wajua ya kuwa akifika kituoni hataeleweka.

Labda mtu atasema, "Mwizi naye atajifanya kiziwi." Atajifanya, lakini kwa muda gani? Mwizi wa namna hiyo aweza kujifanya hasikii, hawezi kujifanya ajua ishara. Mkalimani atamgundua kabla chai haijapoa. Kwa hiyo mkalimani huwasaidia polisi kumkamata mwongo kama anavyomsaidia mkweli kuachiliwa.

Mwingine atasema, "Kazi ya askari ni ya hatari, hana nafasi ya kuuliza kama mtu asikia." Hili nalijibu kwa heshima, kwa maana nimehudhuria mazishi kambini kwetu, nami najua mke wa askari huwaza nini mume akichelewa. Simwambii askari aache kujilinda. Lakini hatari kubwa ya jioni ile ilitoka wapi? Ilitoka katika kutoelewana. Kama wangalipita mbele wakaonekana, mjomba angalisimama, hangalitia mkono shatini kwa hofu, nao hawangaliogopa kisu ambacho hakikuwako. Kuelewana humlinda askari pia. Na wale wezi wa duka? Walipata siku mbili za kukimbia huku polisi wakimlinda fundi wa viatu.

Wa tatu atasema, "Hakuna fedha, na kujifunza lugha ni kazi ngumu." Huyu namkumbusha jambo moja tu. Nani aliyezaliwa na Kiswahili katika polisi wetu? Mtu wa Gulu hakuzaliwa nacho, wala mtu wa Kabale, wala mtu wa Soroti. Walikijifunza kwa sababu ilikuwa lazima askari waelewane wao kwa wao. Jeshi la polisi lililoweza kuwafunza watu wake lugha nzima ili waelewane wenyewe, laweza kuwafunza ishara hamsini ili waelewane na raia.

Sasa nageukia kwetu. Wanafunzi wa zamani, baadhi yenu ni maofisa wa polisi, wengine ni mahakimu, mawakili na walimu. Tunawaona siku ya mahafali mkikaa viti vya mbele. Ninyi mnayo nguvu ambayo sisi hatuna. Ofisa mmoja akiamua ya kuwa katika kituo chake orodha ya wakalimani itabandikwa ukutani, itabandikwa kesho. Hakimu mmoja akimwuliza askari, "Mtu huyu uliambiwa na nani kwamba amekataa?" askari wote wa wilaya ile wataandika kwa uangalifu zaidi.

Nasi tulio darasani tusingoje wakubwa. Timu yetu ya kandanda hucheza na shule nyingi. Kwa nini tusicheze na shule ya viziwi? Mpira hauhitaji masikio. Mwamuzi hushika bendera badala ya kutegemea filimbi, basi. Wachezaji wakipumzika watafundishana majina yao. Mtu aliyewahi kucheza na kiziwi akiwa na miaka kumi na sita hatamwona mkaidi akiwa askari wa miaka thelathini. Na kabla ya hayo yote, tuache kulitumia neno "kiziwi" kama tusi bwenini. Hilo laweza kuanza usiku huu.

Kwa viziwi wenyewe nina neno dogo tu, nalo mjomba amelikubali: karatasi ya kujitambulisha isikae ndani ya shati. Ikae shingoni kwa uzi, mahali paonekanapo. Lakini si haki tumbebeshe kiziwi mzigo wote. Yeye tayari hujitahidi mchana kutwa kutuelewa sisi.

Katika somo la dini tulisoma habari ya yule kiziwi katika Marko, mlango wa saba. Nililoliona hapo ni hili: Bwana alimtenga kwanza na makutano, akamgusa masikio na ulimi, ndipo aliponena. Alianza kwa njia ambayo mtu yule aliweza kuielewa. Askari hakuombwa afanye mwujiza. Ameombwa afanye ile sehemu ya kwanza tu.

Nimalize kwa habari yangu mwenyewe. Nikishinda mtihani wa mwisho wa mwaka, nataka kuomba nafasi katika polisi. Mama hapendi. Asema katika nyumba moja askari mmoja atosha, na baada ya yale yaliyompata ndugu yake hana hamu ya kufua sare ya pili. Baba amesema nichague mwenyewe. Likizo iliyopita nilikwenda kumwuliza mjomba, nikiogopa jibu lake. Nilimwambia kwa ishara, polepole, maana nilitaka nisikosee. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akashika mguu wangu, akaupima kwa shubiri kama anavyompima kila mteja, akaniambia kwa mikono yake, na kile kidole bado hakinyooki vema: "Nitakushonea buti. Usimkanyage mtu nazo."

Wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika. Sikio lisikialo leo laweza kuziba kesho, la askari kwa la raia. Basi na tuwatengenezee viziwi njia sasa, tungali tunasikia.



Mwanafunzi wa Kidato cha Sita